Maandishi au Lebo? Kubadilisha Kilichomo Ndani ya Ukurasa

Karibuni tena. Kabla hatujagusa msimbo, tuelewane: faili la HTML uliloandika na ukurasa unaouona kwenye kivinjari si kitu kimoja. Kivinjari kikishasoma faili, hujenga mti kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Shina lake ni html, matawi ni head na body, na kila lebo ni kitawi. Mti huo ndio DOM. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walipitisha kiwango chake cha kwanza mwaka 1998. JavaScript inagusa mti, faili hailigusi. Ndiyo maana ukipakia ukurasa upya, kila ulichobadilisha kimetoweka.

Kupata elementi, yaani kitawi kimoja cha mti huo, ni kazi nyepesi: document.getElementById('salamu'), au document.querySelector('#salamu'), ambayo inatumia viteuzi vilevile vya CSS. Ikikosa, unarudishiwa null, yaani hakuna kitu. Hapo wengi hukagua jina la id mara kumi, kumbe jina ni sahihi, ila msimbo umetangulia na elementi haijazaliwa. Ongeza defer kwenye lebo ya script inayoita faili lako, msimbo utasubiri mti ukamilike, mambo yatatulia.

Sasa tuingie penyewe. Umeshaishika elementi, unataka kubadilisha kilichomo. Kuna textContent na kuna innerHTML, na wanaoanza huzichukulia kama pacha. Tuseme mtu ameandika jina lake hivi: <b>Asha</b>. Ukilipitisha kwa textContent, alama zote zitaonekana kama alivyoziandika. Ukilipitisha kwa innerHTML, Asha atatokea kwa herufi nzito, maana kivinjari kimeyasoma maneno ya mgeni kama msimbo wako wewe.

Utasikia mtu akijitetea kwamba lebo ya script iliyoingizwa kwa innerHTML haiendeshwi. Ni kweli. Lakini lebo ya img yenye anwani mbovu na onerror, yaani msimbo wa kuendeshwa picha ikishindwa kupakiwa, inaendesha chochote ilichobeba. Mwaka 2005 mnyoo (msimbo unaojisambaza wenyewe) ulioitwa Samy ulienea kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace na kushika kurasa za watumiaji zaidi ya milioni 1 kwa muda usiofika siku moja, kwa sababu lebo zilizoandikwa na mtumiaji zilipenya kichujio cha tovuti. Basi mimi nikipokea neno kutoka kwa mtumiaji, ni textContent, sina mjadala.

Kuna mtego mwingine, na huu ulinila jioni nzima. Niliandika orodha.innerHTML += kipengee kipya. Kipengee kikaja vizuri, ila vitufe vya zamani vikawa viziwi: unabofya, kimya! Hiyo += haiongezi kitu mwishoni kama inavyodanganya. Inageuza watoto wote kuwa maandishi, inawaondoa, kisha inajenga wapya wanaofanana nao kwa sura. Visikilizi, yaani msimbo unaongoja kitufe kibofywe, vilivyofungwa kwa addEventListener vimeondoka na wale wa zamani. Tengeneza elementi kwa createElement, ipe maandishi, kisha iweke kwa append. Ndugu zake hawatasumbuliwa.

Naona mkono kule nyuma… Anauliza mbona textContent ya kisanduku cha input inarudi tupu. Swali zuri. Input haina ndani. Alichoandika mtu kinakaa kwenye value, kukisoma na kukibadilisha pia. Fungueni konsoli, tujaribu hilo sasa hivi.