Filamu Inapohama Gizani

ZUHURA: Kaka Kombo, ile picha yako ya filamu ya nyota za Kilimia, uliyoipiga kwa kuiacha kamera wazi dakika 40, imenikosesha usingizi. Nyota za pembeni ni vidoti safi, za katikati zimevimba. Nikajua tu mtambo wa kufuatilia nyota umekosea.

KOMBO: Wengi husema hivyo, dada, wakakesha wakirekebisha kisicho na kosa. Mtambo ukienda kombo, nyota zote huburutwa. Pale zimeharibika za sehemu moja. Filamu ndiyo iliyosogea, shata, kile kizibo cha mwanga ndani ya kamera, ikiwa wazi.

ZUHURA: Isogee vipi na imebanwa?

KOMBO: Imebanwa kingoni tu. Upande wake wa dawa ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu. Ikiwa imeviringwa kwenye roli, hewa haiifikii sana. Ukiivuta mbele ya lenzi na kufungua shata, hewa ya usiku inaigusa, jelatini inavimba, filamu inabinuka. Pengine kidogo kidogo, pengine mara moja, pu!

ZUHURA: Lakini ni kiasi gani hicho?

KOMBO: Tupige hesabu. Kwenye f/4, yaani tundu la lenzi likiwa robo ya urefu wake wa fokasi, filamu ikitoka mahali pake mikroni 80 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nyota inakuwa duara la mikroni 20. Na hizo 80 hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita!

ZUHURA: Basi tufanyeje?

KOMBO: Kwanza subira, haina gharama. Funika lenzi, fungua shata, iache filamu dakika kadhaa izoee hewa. Ikishatulia, ondoa kifuniko taratibu usiitikise kamera. Kama ni ya milimita 35, zungusha kidogo kishikio cha kurudishia filamu mpaka uhisi imekaza, kisha acha hapo hapo.

ZUHURA: Na wale wanaopuliza gesi ndani ya kamera?

KOMBO: Hao nawaheshimu sana. Naitrojeni kavu, mkondo mwembamba, inausukuma nje unyevu. Tena ina faida ya pili: unyevu na oksijeni ndivyo vinavyoichosha filamu isipokee mwanga hafifu. Ndiyo maana filamu ya Technical Pan 2415 ya Kodak ilikuwa ikipashwa moto ndani ya naitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni kidogo kabla ya kupigwa. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2004, na mimi bado naililia.

ZUHURA: Kufyonza hewa je?

KOMBO: Hiyo ndiyo kiboko ya kubinuka. Bamba la nyuma linatobolewa vitundu vidogo, pampu dhaifu inafyonza, filamu inalala bapa usiku kucha.

ZUHURA: Mimi huweka filamu kwenye friji na vifuko vya silika jeli vya kunywa unyevu. Nakosea?

KOMBO: Hukosei, ila usifungue kopo likiwa bado baridi, utaunyesha umande juu ya filamu. Liache lipate joto la chumba kwanza. Na filamu iliyokauka mno ukiisogeza kwa pupa inatoa cheche za umeme tuli, unakuta miale kama ya radi kwenye picha.

ZUHURA: Kumbe! Ninayo picha yenye miale hiyo.

KOMBO: Niletee. Tuitazame pamoja, halafu leo usiku usogeze polepole.