Mlio Usiojulikana Chini ya Gari: Namna ya Kuufuata Hadi Unapotoka

Ndugu walimu, wanafunzi wa ufundi magari, na mafundi wenzangu mliokubali kufunga gereji zenu mchana huu, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa kuzungumzia tatizo ambalo kila mmoja wetu ameletewa na mteja: gari linagonga chini, hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, mashine ya kusoma hitilafu haioni kitu, na spea mbili tatu zimekwisha kubadilishwa bila nafuu. Hoja yangu ni moja. Mlio wa saspensheni, yaani mfumo wa springi na shokapu unaolibeba gari, haufai kubadilishiwa kifaa chochote kabla haujathibitishwa, na uthibitisho wenyewe ni kuulazimisha utokee, kisha kuulazimisha unyamaze. Fundi anayeweza kufanya yote mawili ameshaupata. Asiyeweza bado anabahatisha, tena anabahatisha kwa fedha za mtu mwingine.

Sikio peke yake hudanganya, na sababu zake ziko wazi. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi inayozidi mita 5,000 kwa sekunde, ilhali hewani huenda mita 340 hivi, kwa hiyo kishindo kilichotokea mahali pamoja huenea bodi nzima kabla dereva hajageuza shingo. Magari mengi madogo ya barabarani kwetu yana saspensheni ya mbele ya mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson na kuenea kupitia magari ya Ford kuanzia mwaka 1949 na 1950. Katika mtindo huo shokapu na springi vimeunganishwa kuwa mguu mmoja, na kichwa cha mguu huo kimefungwa kwenye bodi yenyewe, karibu kabisa na dashibodi. Ndiyo maana bushi (kishikio cha mpira) iliyochanika kule chini kwenye ami, mkono wa chuma unaoshika gurudumu, husikika kana kwamba kuna kitu kimelegea nyuma ya usukani. Tena stabilaiza ni fimbo moja inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto, nayo hufungwa kila upande kwa fimbo fupi iitwayo linki, hivyo huweza kuchukua kishindo cha linki ya kulia na kukisikizisha kushoto. Mteja anayesema "ni mbele kushoto" hasemi uongo. Anasema alichosikia, nasi tusikiandike kwenye karatasi ya kazi kama ndicho kilichoharibika.

Kazi huanza kwa maswali, halafu kuendesha gari pamoja na mwenyewe, yeye akiwa kwenye usukani. Mlio hutokea wakati wa kufunga breki, wa kukata kona, au gari likipita kwenye makorongo madogo kwa mwendo wa pole? Je, huwa mkali asubuhi na kupungua mchana, au hupotea mvua ikinyesha? Bushi ya mpira iliyokauka hulia kwi-kwi ikiwa kavu na kunyamaza ikilowa, ilhali linki iliyolegea hugonga mvua na jua. Kabla ya safari hiyo toeni vitu vyote kwenye buti, mkague jeki na tairi la akiba kama vimefungwa mahali pake, mtikise betri, na mguse mipira inayoning'iniza bomba la moshi. Hili si jambo la kudharau, kwa sababu jeki iliyolegea hutoa kishindo kinachofanana kabisa na cha shokapu iliyokufa.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokithamini kuliko vingine vyote, na hakigharimu kitu: tuta la barabarani. Pitisheni gari juu ya tuta likiwa limenyooka, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja. Stabilaiza haijipindi hapo, kwa kuwa pande zote mbili zinapanda kwa kiasi kilekile, na linki zake hazibebi mzigo wa maana. Kisha rudini mlipande tuta lilelile kimshazari, gurudumu moja likitangulia jingine. Hapo fimbo inajipinda, linki zinavutwa na kusukumwa, na kama kiungo kidogo cha duara cha linki kimelika mtasikia ko-ko-ko bila shaka. Mlio ukitokea kwa mshazari tu, shukuni stabilaiza, linki zake na mipira inayoishika kwenye fremu. Ukitokea kwa namna zote mbili, nendeni kwenye shokapu na maunti yake ya juu, yaani kishikizo chake kwenye bodi. Anayetaka uthibitisho wa mwisho afungue linki zote mbili, azitoe, aendeshe polepole kwenye barabara ileile. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo mwendo uwe mdogo na safari fupi. Kukiwa kimya, mgonjwa amejitambulisha.

Breki nazo hutoa ushahidi. Mkipita kwenye njia mbovu, mguu ukiwa umegusa pedali kidogo tu, na mlio ukakatika, basi chunguzeni pedi na pini za kalipa (kibano cha pedi) kabla ya kufungua shokapu. Lakini kishindo kimoja kizito, "ngo!", kinachotokea mara breki inaposhika na tena gari linapoondoka kwa kurudi nyuma, mara nyingi ni bushi ya nyuma ya ami ya chini, kwa sababu hiyo ndiyo inayozuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma.

Kwenye boljointi, kiungo cha duara kati ya ami na gurudumu, ndipo ninapoona kazi ikiharibika zaidi. Watu huinua gari, hutikisa gurudumu, huona limetulia, na kutamka kuwa boljointi ni nzima. Ni lazima kwanza tujue nani anabeba uzito. Kwenye MacPherson uzito unapita kwenye mguu wa shokapu, hivyo boljointi ya chini haina mzigo, na gurudumu likiachwa lining'inie unaweza kuipima kwa kuinua ami kwa mtaimbo. Lakini kwenye gari ambalo springi imekalia ami ya chini, kama Land Cruiser Prado, gurudumu likining'inia springi inasukuma ami chini na kuibana boljointi isicheze. Hapo jeki iwekwe chini ya ami yenyewe, springi ibanwe, boljointi ipumzike, ndipo mtaimbo utasema kweli. Na popote mnapoingia chini, gari lisimame juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu.

Nitaje kisa kimoja cha gari la familia lililoletwa likiwa na shokapu mpya pande zote mbili za mbele na linki mpya, na bado linagonga. Kipimo cha tuta kilionyesha kishindo kwa namna zote mbili. Tulifungua boneti, mmoja akaweka kiganja juu ya maunti ya kushoto, wawili wakalikandamiza gari na kuliachia. Kiganja kilipokea pigo dogo kila gari lilipoinuka. Nati ya kichwa cha shokapu ilikuwa haijakaza: bila shaka ilifungwa kwa mashine ya upepo, na fimbo ya shokapu ikazunguka pamoja nayo. Tuliishika fimbo kwa funguo ya pembe sita, tukakaza nati kwa spana kwa kipimo cha mtengenezaji, na mlio ukaisha. Kifaa kilikuwa kizima, na fedha ya kukinunua ilikuwa imekwisha kutoka.

Kiganja hichohicho kinafaa kwa mlio wa kukata usukani gari likiwa limesimama. Mwenzako akizungusha usukani huku vidole vyako vikigusa springi kwa nje, mbali na mahali pa kubanwa, utaihisi ikijikunja na kuruka ghafla ikiwa beringi ya maunti ya juu imekwama.

Nasisitiza mambo mawili kuhusu mpira, kwa kuwa yanatuzalishia milio mipya. Kupaka oili chafu chini ya gari ili lisilie hunyamazisha kwa siku chache tu, kwani oili huvimbisha na kulainisha mpira wa bushi hadi ukachanika. Kwa kupima tumieni maji yenye sabuni. La pili, bolti za bushi za ami zisikazwe gari likiwa limening'inia. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma chake, na ukikazwa ukiwa kwenye mkao huo utabaki umesokotwa kila gari litakapokaa chini. Shusheni gari kwanza, litikiseni likae sawa, ndipo mkaze kwa kipimo.

Baada ya matengenezo, gari lirudishwe kwenye tuta lilelile na njia ileile, mwenyewe akiwa ndani. Ikiwa ami, boljointi au shokapu ya mbele imefunguliwa, magurudumu yapelekwe kupimwa alaimenti, yaani unyoofu wake, kabla gari halijakabidhiwa.