Kagua Kisigino Kwanza

Mbukwenyi! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na ninyi wengine, hasa mliotoka Mvumi na Chamwino alfajiri, poleni na safari.

Nimeitwa nizungumze juu ya huduma wanazopata wagonjwa wetu majumbani: utajuaje kwamba ni nzuri, na utajuaje kwamba ni salama. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31. Ila hili nitakalosema sikulipata wodini, nililipata chumbani kwa mama yangu mzazi, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma.

Mama alipata kiharusi kikachukua upande wa kulia. Aliporuhusiwa hospitali tulichanga, ndugu wanne, tukatafuta mhudumu kupitia kikundi kimoja kinachotoa watu wa kazi hiyo. Akaja binti nadhifu, ana sare, ana cheti, ana adabu. Kila Jumapili baada ya ibada nilipita. "Bibi anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri, mama." Nikitazama, sakafu imepigwa deki, shuka safi, mama kapakwa mafuta uso unang'aa. Naondoka nashukuru. Jumapili ya nne ikaangukia Juni, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita mnaijua, nikasema ngoja nimvishe soksi. Nikafunua blanketi. Kisigino cha kulia kina kidonda ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, katikati cheusi. Mama hakuwa amelalamika, kwa sababu upande ule ulikuwa hausikii maumivu. Jumapili tatu nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya mguu ule, mimi muuguzi, nakunywa chai.

Nikaomba daftari. Binti alikuwa anaandika kila siku, tena kwa mwandiko mzuri. Presha ya mama kwa siku tisa mfululizo: 130/80, 130/80, 130/80. Presha ya mtu aliye hai haitulii namna hiyo. Ukimpima asubuhi na ukimpima baada ya chai utapata namba mbili. Nikafungua ukurasa wa siku ile. Ilikuwa saa nane mchana, na mstari wa saa kumi na mbili jioni ulikuwa umeshajazwa: amekula, amegeuzwa, amelala vizuri.

Basi ninachowaomba leo ni kimoja. Mkienda kumwona mgonjwa wenu, msiikague nyumba. Kagueni mwili wa mgonjwa, kisha mlinganishe na daftari.

Nasema hivi kwa sababu zahanati ya kata yako ina watu wa kuikagua. Tangu mwaka 2015 vituo vyetu vya ngazi ya msingi vimekuwa vikipimwa kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Uingereza wana chombo kinaitwa Care Quality Commission ambacho hukagua hata kampuni zinazopeleka wahudumu majumbani, na huuliza mambo matano: je, huduma ni salama, inaleta nafuu, ina utu, inafuata mahitaji ya mgonjwa mwenyewe, na je, inaongozwa vizuri? Chumbani kwa mama yangu hakuna aliyebisha hodi kuuliza hata swali moja. Huku kwetu kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii; mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwapata zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Watumieni, waiteni. Lakini huyo ana kaya nyingi za kuzungukia, atapita na kuendelea. Mkaguzi wa chumba kile ni wewe mtoto, wewe mkwe, wewe jirani.

Sasa mkaguzi huyu aangalie nini? Daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma unautazama kupitia mambo matatu: nyenzo zilizopo, namna kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Sisi ndugu huishia kwenye nyenzo. Cheti kipo, sare ipo, kitanda kipo, tumemaliza. Sisemi cheti ni bure. Ukiambiwa huyu ni muuguzi, mwombe leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga uione kwa macho. Lakini cheti hakimgeuzi mtu kitandani. Matokeo nayo yana mtego wake: mzee wa miaka 88 mwenye kiharusi anaweza kudhoofika hata akiuguzwa vizuri kuliko wote, kwa hiyo usimfukuze mhudumu kwa sababu tu mgonjwa amekonda. Pa kupatazama sana ni hapo katikati, kwenye kazi yenyewe inavyofanyika saa kwa saa, na kazi hiyo huacha alama mwilini.

Twende basi kwenye kisigino. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama ya ndani huanza kufa katika saa chache tu. Ndiyo maana tunafundishwa kumgeuza asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa 2 hivi. Mafundisho mengi yanakwambia utafute wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu unaweza usiuone kabisa, na wengi hapo ndipo tunapopotea. Tumia mkono. Gusa kisigino kwa mgongo wa kiganja: pana joto kuliko kile kingine? Bonyeza taratibu: pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Ipeleke miguu dirishani kwenye mwanga: rangi imekoza, inaelekea zambarau? Ukikuta hivyo usipakande, maana kukanda kunaumiza zaidi nyama iliyokwisha kuchoka. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie visiguse godoro, na mpigie mtaalamu siku hiyo hiyo. Halafu endelea: mfupa wa juu ya makalio, nyonga, vifundo, mabega, kisogo, hata nyuma ya masikio.

Najua mnachowaza. Mkwe hawezi kumfunua baba mkwe, na mtoto wa kiume hawezi kumfunua mama yake. Kweli, na heshima ya mzee ni sehemu ya ubora ninaousema. Basi pangeni katika ukoo nani atakagua: shangazi, mjukuu, mdogo wake wa damu. Lakini awepo mtu, na awe na siku yake. Aibu isije ikawa sababu ya mzee kuoza tukiwa sebuleni.

Kwenye chakula nitapita haraka. Mwenye kiharusi alishwe amekaa, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikiwa kama ina maji kooni, acheni, mkamwone daktari. Mara nyingi uji mzito kidogo hupita salama kuliko chai au maji, kwa hiyo msidhani maji ni kitu chepesi kwa kila mtu.

Wenye sindano za insulini, nisikilizeni vizuri. Chupa inayotumika hukaa kama mwezi mmoja nje ya friji, ila joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea maelekezo ya dawa yenyewe. Chumba cha bati hapa Dodoma mwezi wa kumi na moja huvuka hapo kabla ya saa sita mchana. Kama hakuna friji, au umeme unakatika, mtungi wa udongo uliolowa maji unasaidia, na kwetu unasaidia zaidi kuliko Pwani, kwa sababu hewa yetu ni kavu na maji huvukizwa upesi yakabeba joto. Chupa ifungwe kwenye mfuko isiguse maji. Na ikiwahi kuganda, itupeni. Kwa hiyo ukienda kukagua, uliza dawa inakaa wapi, nenda ukapaguse mwenyewe.

Na lile jiko la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba watu wanaliingiza chumbani kwa mzee ili apate joto, kisha wanafunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala hawezi kuisikia. Ongezeni blanketi, mvisheni soksi. Jiko libaki nje.

Nirudi kwa yule binti, maana naona mama mmoja hapo nyuma ananitazama kwa hasira kwa niaba yake, na ana haki. Nilipomaliza kupekua daftari nilimwuliza ni lini mara ya mwisho alilala usiku kucha. Akaanza kulia. Alikuwa na siku 26 bila mapumziko. Mama alikuwa na kilo 70 na zaidi, na yeye peke yake ndiye amgeuze usiku, mchana apike, afue shuka kwa mkono, na maji ya bomba yakikatika atafute madumu kwa jirani. Hospitali tunapokezana zamu. Yeye alipokezana na nani? Alikuwa anajaza daftari mapema kwa sababu alijua jioni hatakuwa na nguvu, na kwa sababu kila nilipokuja nilikuwa nauliza swali lenye jibu moja tu. Uchovu wa mhudumu ni hatari kwa mgonjwa kama vile dawa iliyoharibika ilivyo hatari. Ukikagua kisigino cha mgonjwa, kagua na macho ya anayemuuguza.

Hatukumwachisha kazi. Binamu yetu akaanza kuja Jumamosi na Jumapili, kufua kukatafutiwa mtu mwingine, na nikakaa naye siku mbili nikimfundisha kugeuza kwa shuka, si kwa nguvu za mgongo. Daftari tukalibadilisha. Hakuna tena "amegeuzwa". Anaandika upande na saa: kushoto, saa 4:10; chali, saa 6:15. Presha ikiwa 162 inaandikwa 162, na hakuna wa kumgombeza. Kidonda kilichukua miezi minne kufunga.

Nimekuja na godoro hili, shuka mbili na mito mitatu, na kijana wetu hapa amekubali kuwa mgonjwa. Njooni mbele wawili wawili, kila mtu amgeuze mara moja, kisha aniambie visigino viko wapi. Na kina baba pia, msikae.