Mtoto Akitumwa Dukani

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliokuja, leo nazungumzia watoto wenye ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kuelekeza umakini, na naanza na duka. Walionisikia zamani wanivumilie, kwa sababu watoto bado wanachapwa.

Mama anaita: "Nenda kwa Mangi, niletee chumvi, viberiti viwili, mafuta ya kula ya elfu moja, na chenji umpelekee bibi." Mtoto anaitika, anatoka mbio. Kwenye kona wenzake wanacheza chandimu, mpira unampita miguuni. Anafika dukani, noti imekunjwa kiganjani, anamtazama Mangi. Chumvi anaikumbuka. Vingine vimeyeyuka. Akirudi ni kofi: "Husikii wewe!"

Alisikia! Hapo ndipo ninapogombana na watu. Masikio yake mazima. Kilichomshinda ni kushikilia. Kuna kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo wanasaikolojia Baddeley na Hitch waliieleza mwaka 1974: si ghala la kuhifadhia mambo ya miaka, ni kiganja tu cha kushika jambo huku unalitumia. Hata mtu mzima hashiki mengi. Mwanasaikolojia Cowan mwaka 2001 alikadiria kama mambo manne kwa wakati mmoja. Kwa wengi wenye ADHD kiganja hicho ni kidogo zaidi, na mpira mmoja ukipita, kilichomo kinamwagika.

Mtaniuliza, kama mnavyoniuliza kila mkutano: mbona kwenye gemu anakaa saa mbili hapepesi macho? Kwa sababu gemu halimwachii mengi ya kushika kichwani. La kufanya liko mbele yake, na akipatia anazawadiwa papo hapo. Umakini anao. Kuupeleka anakotakiwa, kwenye jambo lisilomvutia, ndiko kunakomlemea. Na msiniambie ni ugonjwa wa simu: daktari Mskoti Alexander Crichton aliandika juu ya akili isiyotulia mwaka 1798.

Darasani ni yaleyale. "Fungueni ukurasa wa 34, fanyeni swali la 3 hadi la 7, rukeni la 5." Ameishia kwenye ukurasa. Andika ubaoni, mwalimu! Chaki ipo.

Dawa nilitaka kuzigusa, muda umekwisha, muulizeni daktari. Nimalizie na mama mmoja aliyeacha kofi akachukua kalamu. Alimwandikia mwanawe kiganjani: CH, V2, M, B. Mtoto alirudi mkono umeloa jasho, ile M imefutika nusu, na chupa ya mafuta kaikumbatia kifuani. Chenji alikuwa nayo bibi.