Cheza, Sakata, Nengua: Kila Kitenzi na Kiungo Chake
(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, watangazaji na watafsiri)

Walimu wangu, watangazaji, watafsiri na wapenzi wa lugha, nawaamkua nyote. Mada tuliyopewa ni kitenzi cheza na visawe vyake. Msimamo wangu ni huu: visawe kamili vya cheza havipo. Vitenzi tunavyoviita visawe vimegawana mwili na hali. Kimoja kimechukua kiuno, kingine miguu, kingine furaha tu. Anayeviokota ovyo huishia kuandika jambo asilolikusudia.

Tuanze na cheza chenyewe. Mama mjamzito husema mtoto anacheza tumboni. Jino lililolegea linacheza. Skrubu isiyokazwa inacheza. Jicho likipapatika, watu husema jicho linanicheza, na mtu akihisi jambo bila kuambiwa, machale yamemcheza. Hapo hapana mpira wala ngoma. Kilichomo ni mwendo wa kwenda na kurudi, wa kitu kisichohama mahali pake. Kwa hiyo cheza hakimaanishi densi mpaka kipewe yambwa, yaani jina la kinachochezwa: ngoma, densi, chakacha, rumba. Ukisema tu "Walicheza jana", msomaji wa leo anafikiria kandanda.

Lakini kuna mahali ambapo muktadha unatosha. Methali inasema Mcheza kwao hutuzwa, na wengine husema hutunzwa. Neno ngoma halimo, lakini kutuza kunatuonyesha tuko wapi: anayetiliwa pesa mkononi au kichwani ni yule aliye kati ya uwanja, mbele ya watu wake. Mwalimu anayeifundisha methali hii kwa mfano wa mwanasoka ameipotezea uwanja wake.

Hapa kwetu kuna suala la Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mzee wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, husema kuteza, na mchezo kwake ni mtezo, kama vile kucheka kulivyo kuteka na macho yalivyo mato. Mhariri asiyejua hili hulisahihisha shairi la zamani hadi likafa. Neno "anateka" kwenye ubeti wa Kimvita huenda ni mtu anayecheka, hajamteka mtu nyara wala hachoti maji. Nawasihi mnaohariri tungo: lahaja isiguswe, wekeni maelezo pembeni.

Sasa ngoma. Neno hili ni chombo, ni uchezaji, ni shughuli nzima, na kwa vijana siku hizi ni wimbo wowote uliotoka studio. Ndiyo maana kitenzi ndicho kinachoamua. Anayepiga ngoma yuko na chombo. Anayecheza ngoma yuko uwanjani. Anayekesha ngomani yuko kwenye shughuli. Vugo hupigwa, kwa kuwa ni pembe zinazogongwa kwa vijiti huku wanawake wakiimba. Chakacha na lelemama huchezwa. Kirumbizi pia huchezwa, na hapo cheza kimebeba maana mbili kwa pamoja, maana wanaume wawili wenye fimbo wanafuata mdundo na papo hapo wanashindana.

Viambishi ndivyo vinavyowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chezesha ni kumfanya mtu acheze, au kukitikisa kiungo, kama kuchezesha mabega. Lakini pia ni kazi ya refa. Chezeka ni kipimo cha muziki: wimbo huu hauchezeki, yaani mdundo wake hauukamati mguu. Chezea ni hatari. "Walimchezea bibi harusi" inaweza kuwa walicheza kwa ajili yake, na inaweza kuwa walimfanyia mzaha au dhihaka. Taja ngoma na hatari inapungua: walimchezea ngoma bibi harusi. Salama zaidi ni walicheza mbele yake. Chezwa nayo ina mtego. Ngoma ilichezwa usiku kucha, hapo sawa. Ila ukiandika "msichana alichezwa", msomaji wa mwambao wa Tanzania ataelewa kwamba ametiwa unyagoni akafundwa. Na "huyu hakuchezwa" huko ni tusi la kumwambia mtu kuwa hana mafunzo ya nyumbani. Mtafsiri wa Mombasa ajue kwamba maneno yake yanavuka mpaka.

Kwa upande wa nomino, mchezaji akiwa peke yake ni mwanamichezo. Kwa ngoma tunaondoa -ji na kuunganisha: mcheza ngoma, mcheza densi. Kenya huandikwa densi, Tanzania dansi. Chagua moja uishike hadi mwisho wa makala.

Hao jamaa zake sasa. Sakata ni kitenzi cha miguu na ufundi, nacho kinadai yambwa: kusakata rumba, kusakata ngoma, hata kusakata kabumbu. "Walisakata hadi alfajiri" inaning'inia. Tena sakata kama nomino ni mzozo au kashfa, basi kwenye vichwa vya habari tahadhari. Serebuka ni kinyume chake: hakitaki yambwa, wala hakisemi kiungo gani kinasogea. Kinasema moyo umechangamka. Nengua ni kiuno, na mnenguaji katika bendi za dansi za Tanzania ni kazi ya mtu jukwaani. Kukata kiuno ni hivyo hivyo kwa lugha ya wazi zaidi. Kukatika kumeenea katika mazungumzo ya Kenya, lakini kwenye maandishi "alikatika jukwaani" inamkwaza msomaji, kwa kuwa kamba hukatika na umeme hukatika. Tikisa ni mabega au kichwa. Nesa ni mwili mzima ukiyumba taratibu mfano wa ubao mwembamba unaokanyagwa.

Itazameni chakacha yenyewe. Leso imefungwa chini ya kiuno, kwa kukaza. Miguu inasogea kidogo tu, mabega yametulia, na nyonga zinazunguka zikifuata ngoma tatu: msondo, vumi na chapuo. Hapo nengua imefika nyumbani. Sakata haifai, maana miguu si kazi yake hapa. Kwenye lelemama, wanawake wamesimama safu na mwendo ni wa taratibu. Mwandishi anayesema "walinengua lelemama" amewavunjia heshima kina mama hao. Nesa inatosha.

Nimalizie kwa sentensi ya aina tunayoikuta sana katika habari za harusi: "Wachezaji walicheza kwa furaha wakimchezea bibi harusi." Cheza imerudiwa mara tatu, na bado hatujaona kitu. Mimi ningeiandika hivi: "Kina mama walicheza chakacha mbele ya bibi harusi, wakinengua kwa mapigo ya msondo, na jamaa wakaja mmoja mmoja kuwatuza." Serebuka ningewawekea wageni baadaye, vyombo vya ngoma vikishaondolewa na spika zikawashwa, kwa kuwa hapo kila mtu anajichezea apendavyo.