Kupanga karakana ya useremala kwa S tano

Ndugu watazamaji, karibuni katika karakana yetu hapa Mafinga, ambapo leo tutapanga sehemu ya kazi kwa hatua tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Mfumo huu ulikomaa katika viwanda vya Japani, hasa Toyota, ambako mhandisi Taiichi Ohno aliainisha aina saba za upotevu, zikiwemo kusubiri, kutembea bila sababu na kulimbikiza mali. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza nchini kuutumia, kwa hiyo msidhani ni mambo ya viwanda vikubwa peke yake.

Kabla ya kugusa chochote, chora ramani ya karakana yako kwenye karatasi, kisha mfuate fundi mmoja anayetengeneza mlango, ukipitisha penseli kila anakopita bila kuiinua. Tazameni mistari ya asubuhi ya leo ilivyosongamana kati ya meza ya kazi na rafu ya bawaba. Mteja analipia mlango. Matembezi hayo anayalipia mwenye karakana.

Sasa tunasasambua. Kila kitu ambacho hakuna anayekumbuka kukitumia kinafungwa kadi nyekundu yenye tarehe na jina la aliyeifunga, kisha kinahamishiwa kwenye kona moja. Zikipita siku 30 bila mtu kukiulizia, kinauzwa, kinarudishwa kwa mwenyewe au kinakuwa kuni. Ubishi mkubwa utatokea kwenye vipande vya mbao, kwa sababu kila seremala anaamini kwamba kipande cha paini chenye urefu wa kiganja kitamfaa siku moja. Mimi napendelea kikomo kisicho na mjadala: kilicho kifupi kuliko mguu wa stuli hakirudi kwenye rafu. Maranda nayo yatieni kwenye viroba, maana wafugaji wa kuku huyanunua.

Hatua ya Seti ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Lazeni ubao wa plaiwudi sakafuni, pangeni juu yake misumeno, randa, patasi na nyundo, kisha zungushieni kila zana mstari wa chaki. Nasema chaki. Rangi isubiri mpaka mafundi wote wameutumia ubao kwa wiki nzima. Zana za kila saa zikae kati ya kiuno na bega, nzito ziwe chini, na zile za mara chache ziende juu. Tukiusimamisha ukutani namna hii, fundi anatakiwa kupata anachokitaka ndani ya sekunde 30, na nafasi tupu itaonyesha mara moja kilichokosekana.

Subirini kidogo, kamera imenasa jambo. Kijana wetu anatumia mkono wa kushoto, na kila anapoifuata randa kiwiko chake kinagonga mpini wa jiliwa, kile kifaa cha kubania mbao. Rudia tena, kijana, watazamaji waone. Mnaona? Tunafuta mstari kwa kitambaa chenye maji, tunaihamishia randa upande wa pili, tunachora upya, basi. Kama ingekuwa rangi ya mafuta, sasa hivi tungekuwa tunapiga msasa ubao mzima. Chaki kwanza, tafadhali.

Kwa misumari na skrubu, tumieni mikebe miwili kwa kila saizi. Mkebe wa mbele ukiisha, chukueni wa nyuma na siku hiyohiyo mwagize mwingine. Kwa njia hiyo kazi haisimami, wala fedha hailali kwenye makatoni. Gundi ina desturi yake hapa kwetu, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai huichelewesha kukauka, na fremu zilizobanwa huziba njia. Zitengeeni eneo lenye mipaka, na likijaa, msigundishe fremu nyingine. Endeleeni na kuranda au kupiga msasa.

Kusafisha hakuhitaji maelezo marefu, ila fagieni huku mkikagua: waya uliochubuka, boliti iliyolegea na meno ya msumeno yaliyobutuka huonekana vumbi likiondoka. Kusanifisha ni kupiga picha ya karakana ikiwa imepangwa, kuibandika ukutani, na kuandika chini yake jina la mhusika wa kila eneo. Kushikilia kunafanyika Jumamosi kabla ya kufunga, ambapo mtu asiye mhusika wa eneo analilinganisha na picha hiyo, na tofauti zote zinarekebishwa kabla ya posho ya wiki kugawiwa. Utaratibu huo wa posho ni wangu, nanyi mnaweza kuwa na wenu.

Ubao wa zana kama huu tunautengeneza kwa oda, nao hutoka ukiwa na kulabu lakini bila mistari. Mistari mtaichora wenyewe, kwa chaki.