Moto Usiondoke na Abiria Mmoja

(Mazungumzo na kikundi cha akiba cha akina mama, Bombo, Uganda, Jumamosi alasiri)

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za mchana. Mwenyekiti, akina hajati mlioketi mbele, mama zangu, dada zangu, na yule kijana aliyekuja kubeba viti akaamua kubaki: karibuni.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Njoo uwape akina mama wenye shughuli nyingi mbinu za nyumbani." Nikamuuliza, hapa Bombo yupo mama asiye na shughuli nyingi? Akafikiri, akasema, "Labda yule wa kwenye kalenda." (Kicheko.)

Kabla sijaanza: kapu hili hapa mezani msiliguse. Nimelifunga saa sita na nusu mchana, nitalifungua nikimaliza kusema. Mtoto akilisogelea, mshikeni.

Mimi nauza vitambaa. Siku za kwenda Kampala natoka saa kumi na moja alfajiri, niwahi teksi kabla magari hayajaanza kubanana kuanzia Matugga mpaka Kawempe. Nikirudi jua limeshazama. Sina cheti cha mapishi wala cha afya. Nina watoto wanne na sigiri moja, jiko la makaa.

Na hiyo sigiri ndiyo nataka tuisemee leo. Wengi mlidhani nitakuja na mfuko wa bidhaa, nitoe moja moja niwauzie. Bidhaa zipo chache, nitazitaja. Lakini mwaka juzi niliugua mgongo, nikakaa nyumbani wiki mbili nikimtazama binti yangu akifanya kazi zangu, na nikaona kitu ambacho ukiwa wewe ndiye unayefanya hukioni. Moto ulikuwa ukiwashwa mara tatu kwa siku. Asubuhi kwa chai. Mchana kwa maharage. Jioni kwa posho, yaani ugali, na maji ya kuoga. Na kila ukiwashwa, kuna ile nusu saa ya kupepea, moshi machoni, makaa bado meusi, hakuna kinachopikwa. Halafu chakula kikiiva, sufuria inatolewa, na makaa mazuri mekundu yanabaki yakijifia peke yake. Saa moja na nusu kwa siku ya kupepea tu! Na makaa tunayanunua, hatuyaokoti.

Nikajiambia, dereva wa teksi ana akili kunishinda. Teksi ya watu kumi na wanne haitoki stendi na abiria mmoja. Atakaa pale, kondakta apige kelele, mpaka viti vijae. Mimi kila siku nautoa moto na abiria mmoja, tena mara tatu.

Sasa nawasha mara moja, jioni, na kabla ya kuwasha najua nani anapanda. Wa kwanza ni maharage. Akishuka, anapanda posho au wali. Makaa yakiwa bado na nguvu, yanafuata maji ya kunywa: yakichemka na kutokota dakika moja nzima yanatosha, msiyaache nusu saa mkichoma makaa bure. Ya kwanza kuchemka yanaingia kwenye thamosi, ndiyo chai ya alfajiri. Wa mwisho ni maji ya kuoga, hayo hata makaa ya kufifia yanayaweza.

Mtauliza, maharage yanayotaka saa mbili motoni yatashukaje haraka hivyo? Ndiyo maana ya kapu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kapu lenyewe ni la kawaida, pana, lenye mfuniko. Ndani nimetandika majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja, chini na pembeni. Juu yake blanketi kuukuu. Halafu nimeshona mito miwili ya sufi, mmoja wa kukalia sufuria, mmoja wa kuifunika. Mkono wako ukiingia kapuni uhisi kama unauingiza kwenye kiota cha kuku. Ukihisi upepo mahali, hapo joto linatoroka.

Asubuhi kabla ya kutoka naloweka maharage, yale mekundu ya Nambale. Jioni namwaga yale maji, siyapikii. Naweka maji mapya, nafunika, nayachemsha kwa moto mkali nusu saa kamili. Kutokota, si kufukuta. Kisha bila kufunua, sufuria inatoka motoni inaingia kapuni saa ile ile, mto juu, mfuniko, basi. Saa tatu baadaye yameiva na hakuna aliyeyasimamia. Sufuria iwe imejaa kupita nusu. Maharage ya kikombe kimoja hayana joto la kutosha kujipikia.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa na haraka. Nikayachemsha dakika tano, yakapanda povu, nikasema kapu litamalizia. Saa tatu usiku yalikuwa laini kwa nje, tukala. Usiku huo kwangu hakuna aliyelala. Watoto walitapika zamu kwa zamu, na baba yao naye, ambaye siku zote husema tumbo lake ni la chuma. Kumbe maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili. Kuchemka kwelikweli kunaiua. Joto la vuguvugu haliiui kabisa, na wataalamu wanasema linaweza hata kuizidisha. Kwa hiyo nusu saa ni nusu saa. Na jambo la pili: msiyaache kapuni usiku kucha. Yakipoa kidogo kidogo, vijidudu vinaamka. Yatoe yangali ya moto, kula, au yachemshe tena.

(Sauti kutoka nyuma: "Nyama je?") Nyama ya mchuzi inakubali, mchele unakubali sana, na ndizi za katogo, zile zinazopikwa pamoja na mchuzi wake, zinakubali. Posho haikubali. Posho inataka mkono.

Neno moja zito kabla sijauacha moto. Msimu wa mvua tunasikia baridi, mtu anaingiza sigiri chumbani, anafunga mlango, analala. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu hewa yake mbaya haina harufu. Unasinzia, huamki. Sigiri ilale nje.

Wenye umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, ninyi nanyi mna jambo lenu. Mamlaka ya umeme iliweka bei ya kupikia: uniti zako za mwezi zikipita 80, zile za kuanzia 81 mpaka 150 zinatozwa bei ya chini kuliko zile za kuanzia 16 mpaka 80. Wengi hapa tunaishia uniti 30, 40, palepale penye bei kubwa, tunasema umeme ni wa matajiri. Shoga yangu mmoja alinunua sufuria ya presha ya umeme kwa pesa za mgao wa kikundi kama hiki, sasa maharage yake ni chini ya saa moja na makaa anayaona kwetu tu. Mimi bado sijafika huko. Nikifika sitawaficha.

Sasa maji, kwa kifupi. Jerikeni lako la njano, lile la lita ishirini, lichungulie ndani leo ukifika nyumbani. Kama kuna ukijani, maji uliyochemsha kwa makaa ya pesa unayarudisha kwenye uchafu. Mkono hauingii, najua. Tia kokoto ndogo safi konzi moja, sabuni ya unga kidogo, maji ya kufika robo, funga, mpe mtoto acheze nalo, alitikise mpaka achoke. Atacheka, na jerikeni litang'aa. Suuza mara tatu.

Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, naipenda, chupa moja haikosekani kwangu. Lakini kuna mtu alinifundisha eti ukiichanganya na siki au na dawa ya choo inakuwa kali zaidi. Inakuwa kali kweli, kwa mapafu yako. Inatoa gesi ya sumu. Jik ipewe maji tu, na dirisha liwe wazi. Na mafuta ya taa yasiwekwe kabisa kwenye chupa ya soda. Mtoto anajua chupa ya soda ina nini, hasomi, anakunywa. Akishakunywa usimtapishe, mkimbize hospitali.

Tuje kwenye sabuni, maana naona hajati mmoja anasinzia. (Kicheko.) Mche wa sabuni ukiununua, usiutumie siku hiyo. Ukate vipande ukiwa bado laini, kwa uzi au kisu, uvipange juu ya kabati penye hewa, viachane. Wiki tatu, nne. Vinakauka, vinakuwa vigumu kama mfupa, na kipande kimoja kinafua nguo ambazo cha jana kingeyeyuka nusu yake kwenye beseni. Mimi nanunua miche miwili: mmoja unafua, mwingine unakauka. Vile vijipande vya mwisho vinavyoteleza mkononi natia kwenye kopo na maji ya moto, kesho yake ni uji wa sabuni, wa kuoshea vyombo.

Utomvu wa ndizi. Nani hapa hana shati la shule lenye lile doa la kahawia? Mimi nimejaribu ndimu, chumvi, Nomi, jua, dua. Likishakauka, limekaa. Dawa ni kabla: paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya matoke, utomvu hautashika. Na msimenye mkiwa mmevaa nguo za kwenda harusini, jamani, leso zipo.

Doa la damu ni kinyume cha mnavyofikiri. Maji ya moto yanaiivisha damu kwenye kitambaa kama yai. Maji baridi kwanza, chumvi kidogo, kisha sabuni. Hili nalisema kwa sababu nina mabinti wawili. Nilikuwa nanunua pedi za kutupa kila mwezi kwa watu watatu, mimi na wao, na mwezi ambao pesa ilikuwa haba ndio mmoja alikuwa anabaki nyumbani asiende shule. Sasa tunatumia za kufua, AFRIpads, zinazoshonwa hukohuko Masaka. Loweka maji baridi, fua, na zianikwe juani, si kufichwa chini ya godoro! Jua ndilo linalozikausha vizuri, na unyevu ndio unaoleta shida. Mmoja wa mabinti alikataa kuzianika akasema wavulana wataona. Nikamwambia atandaze leso nyepesi juu yake. Sasa kamba yetu ya nguo ina leso kila mwezi, na majirani wanadhani tunapenda leso.

Mukene. Wenzetu wa pwani wanaita dagaa. Ni nyama ya mtu mwenye haraka: haihitaji friji, unakula na mifupa, na mifupa ndiyo ya watoto wanaokua. Chagua za kung'aa, kavu, zisizo na mchanga mwingi. Zilizoanikwa juu ya chanja ni bora kuliko zilizoanikwa chini. Mimi nachambua Jumapili kwa wiki nzima, nakaanga kavu, nusu nasaga. Kijiko kimoja cha unga wake kwenye mchuzi wa karanga na mtoto hajui kilichomwingia. Karanga zenyewe, iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe. Usiseme nitaikaanga. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi yote kwa kukaangwa.

(Swali kutoka kwa hajati wa mstari wa mbele: "Mwanangu, kapu hili si tulikuwa nalo sisi zamani?")

Shikamoo hajati, na asante. Mama mzaa mama yangu alikuwa anafunika chungu kwa majani ya ndizi na magunia, anakwenda shamba, anarudi anakuta kimeiva. Sikujifunza kwake kwa sababu nilikuwa naona ni mambo ya kizamani. Nilikuja kujifunza kwa mgongo mbovu. Na ninyi Wanubi mnaosuka tabaga, sinia za ukili, za rangi zile nzuri, mna mikono tayari. Kapu lenu litakuwa zuri kuliko hili langu, hata mtauza.

("Na chumvi unatia saa ngapi?")

Mwishoni. Mama alinifundisha hivyo, sijawahi kumbishia.

Saa ngapi sasa? Saa tisa na nusu. Haya, saa tatu kamili. Wewe kijana wa viti, njoo unishikie mfuniko. Polepole, mvuke huo. Mwaona? Hebu hajati, chukua moja, liminye kwa vidole.

(Hajati anaminya harage. Anacheka, anajilamba kidole, anamgeukia mwenzake: "Limeiva.")

Vikombe viko ndani ya beseni lile. Jamani, chumvi nimeisahau nyumbani. Nani anaishi karibu?